Tumbaku ya Askari Kando ya Mto Rusizi

Baba yangu mdogo alikuwa askari kwa miaka kumi na mmoja. Hapendi nitaje lilikuwa jeshi gani, nami namheshimu. Mpaka leo huamka saa nane za usiku, hutoka nje ya nyumba yetu hapa Kamembe na kuwasha sigara. Ndiyo saa aliyokuwa akishika lindo. Nilipotakiwa kuandika insha ya historia, niliona nianze na moto huo mdogo wa gizani.

Tumbaku haikuletwa Rwanda na wanajeshi. Wazee wetu waliilima karibu na nyumba, wakaivuta kwa kiko, na mgeni alikaribishwa nayo. Wakubwa wa majeshi waliigeuza kuwa posho.

Vita Vikuu vya Kwanza vilifika kwetu mapema. Septemba 1914, Wajerumani chini ya Kapteni Wintgens walikiteka kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Aprili 1916, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalivuka Rusizi na kuichukua Cyangugu. Septemba yalikuwa yameingia Tabora. Vitabu nilivyosoma vinawataja maafisa na mizinga. Askari Mwafrika alivuta nini usiku wa mvua, na alipewa na nani, hawasemi, ingawa yeye ndiye aliyevuka mto.

Ya Ulaya yameandikwa vizuri zaidi. Krismasi ya 1914, askari wa Uingereza walipelekewa kisanduku cha shaba kwa jina la Princess Mary. Mvutaji alikuta ndani yake tumbaku na sigara 20. Asiyevuta alipewa peremende na karatasi za kuandikia barua. Marekani nayo iliendelea kutia sigara katika chakula cha askari wake hadi 1975. Tumbaku hutuliza njaa na kufukuza usingizi kwa muda, tena ni nyepesi kubeba kuliko unga. Mimi naiona zawadi hiyo kuwa mkopo, na anayelipa ni askari akisharudi nyumbani.

Wale wa kwenye mahandaki waliogopa kuwasha sigara tatu kwa kijiti kimoja cha kiberiti: ya kwanza adui anaiona, ya pili analenga, ya tatu anapiga. Baba mdogo anaijua habari hiyo, na hajawahi kusoma kitabu chochote cha vita hivyo. Nadhani imepita kutoka askari hadi askari. Hata uani kwetu, ambako hakuna adui, huificha ncha ya sigara ndani ya kiganja.

Nilimwuliza, "Baba, ile ya kwanza uliinunua wapi?"

"Sikuinunua, mwanangu. Alinipa mkubwa wa zamu, nisisinzie."

Akakohoa kwa muda mrefu, kisha akanituma dukani nimchukulie paketi nyingine. Nilikwenda.