Kaburi Lililopotea Braamfontein

Msikilizaji anayesimama wima wimbo wa taifa wa Tanzania unapopigwa, pengine hajui kwamba muziki ule ni kazi ya mwalimu mmoja wa Johannesburg, ambaye kwa miaka mingi kaburi lake halikujulikana lilipo.

Enoch Mankayi Sontonga, Mxhosa mzaliwa wa Uitenhage, alifundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, jirani na migodi ya dhahabu. Aliongoza kwaya na kupiga picha. Nyimbo zake aliziandika daftarini kwa solfa, ile ile ya do-re-mi wanayoitumia wanakwaya wa Afrika Mashariki. Daftari hilo lilipotea. Kilichosalia ni sala aliyowatungia wanafunzi wake mwaka 1897, ubeti mmoja na kiitikio kwa Kixhosa, ikimwomba Mungu aibariki Afrika. Haukuwa wimbo wa siasa: mwaka 1899 uliimbwa hadharani katika ibada ya kumwekea mikono mchungaji.

Sontonga alifariki dunia tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka 32 hivi. Inasimuliwa kuwa mjane wake, Diana, aliuza haki za wimbo huo kwa peni sita.

Wimbo ukaendelea na safari bila mwenyewe. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein, katika mkutano ulioasisi chama kilichokuja kuitwa African National Congress. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliurekodi mjini London, na mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti saba. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 iliuvika maneno ya Kiswahili, Mungu ibariki Afrika. Zambia nayo ikauchukua muziki huo.

Na kaburi? Watafiti walihangaika nalo hadi miaka ya 1990, wakilitafuta jina la Sontonga katika kumbukumbu za makaburi ya Braamfontein. Halikuwamo. Marehemu alikuwa ameandikwa chini ya jina la Enoch tu. Kwa makarani wa zama zile, jina la ubatizo lilimtosha Mwafrika.

Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alilitangaza kaburi hilo kuwa mnara wa taifa. Mwaka uliofuata, sala ya Nancefield iliunganishwa na Die Stem, wimbo wa utawala wa ubaguzi wa rangi, katika Kiafrikana, lugha iliyozaliwa na Kiholanzi. Kwa hiyo Waafrika Kusini huanza na Sontonga, kisha ndipo huingia katika ule mwingine.