Kiti cha nyuma kina historia yake

Juma hili tuzungumze juu ya kiti. Si kiti cha ubunge wala cha udiwani, bali kiti cha nyuma kabisa cha yale magari makubwa ambayo wenye nafasi mijini huyanunua wakisema ni magari ya familia. Mnunuzi huuliza ukubwa wa injini na ulaji wa mafuta. Ni wachache mno wanaopanda nyuma, wakafunga mlango na kukaa huko walau robo saa. Kumbe historia ya magari haya iko kwenye kiti hicho.

Tuanzie kusini, Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wake mkubwa wa karanga hapa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mapori yalifyekwa, reli ikajengwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mpango ukatupwa, baada ya kumeza paundi zipatazo milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962. Kilichobaki ni barabara za udongo, na kwa mtu wa Kilimarondo anayetaka kufika Nachingwea mjini wakati wa masika, gari la kutegemea likawa lile linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Gari hilo lilizaliwa wakati uleule wa karanga. Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Waliolibuni walimfikiria mkulima, hata gari lao la majaribio waliliwekea usukani katikati, kama trekta. Lilipoingia sokoni, watu watatu walikaa mbele, na nyuma palikuwa mahali pa mzigo. Basi tangu siku ya kwanza, aliyepanda nyuma alikalia nafasi ya gunia.

Baadaye yakaja magari marefu yenye madirisha, maarufu zaidi likiwa lile la 109. Namba hiyo ni inchi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, yaani sentimita 277 hivi. Lilipangwa kuchukua watu kumi: watatu mbele, watatu katikati, na wanne nyuma wakitazamana, wawili kila upande. Mwaka 1962 likatoka la watu kumi na wawili. Je, gari lilirefushwa? Hata inchi moja. Benchi la watu wawili liligeuzwa kuwa la watu watatu, kwa kuwa huko Uingereza gari la watu kumi na wawili lilihesabiwa kuwa basi, na basi halikutozwa kodi ya manunuzi. Mnunuzi wa kule akapata nafuu ya bei. Magoti yakabanana popote gari lile lilipokwenda.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Benchi la ubavuni huwekwa juu ya maboksi ya magurudumu ya nyuma. Kila shimo humfikia abiria moja kwa moja, huku aliye mbele akipata nusu yake tu. Dereva akikanyaga breki, abiria humteremkia jirani yake. Hana pa kuegemeza kichwa, na miguu yake inagombea nafasi na mizigo ya wenzake. Tuseme na haki yake: benchi hukunjwa, na likikunjwa hupatikana nafasi ya magunia ya korosho, au ya kumlaza mgonjwa. Lakini mgonjwa akilazwa, ndugu zake wanakaa wapi?

Mwaka 1983 ilikuja Land Rover ya 110, yenye springi za koili badala ya vile vyuma bapa vilivyopangana. Mtikiso ukapungua, lakini mabenchi yakabaki. Ndugu yake wa Kijapani, Toyota Land Cruiser tunayoiita mkonga, ana sentimita 298 kati ya magurudumu, na hupangwa hata kwa watu kumi na watatu, kumi kati yao wakiwa kwenye mabenchi mawili marefu. Mwaka 2007 kanuni za Ulaya zilikataza viti vya kukaa ubavu katika magari mapya ya abiria. Land Rover ya 110, ambayo wakati huo ilikwisha kuitwa Defender, ikageuziwa viti vyake vikatazama mbele, na abiria wakapungua kutoka tisa hadi saba. Huku kwetu benchi lingali kazini.

Sasa mtazameni shangingi. Land Cruiser ya 80, iliyotoka mwaka 1990, ina sentimita 285 kati ya magurudumu. Zilizofuata, ya 100, ya 200, hadi ya 300 ya mwaka 2021, zote zimebaki na sentimita hizo hizo. Ni fupi kuliko mkonga kwa sentimita 13. Hata hivyo, shangingi la serikali mara nyingi humbeba mkubwa mmoja na dereva wake, na mkonga hubeba kijiji. Nafasi, ndugu zangu, haipimwi kwa futi peke yake. Hupimwa kwa kuuliza imegawiwa nani.

Kwa hiyo wewe unayejipanga kuagiza gari la familia kutoka Japani, usidanganywe na maneno "viti saba". Kaa safu ya tatu. Magoti yakifika kifuani, hicho ni kiti cha mtoto. Tazama kama kuna mkanda wa kupita begani na mahali pa kuegemeza kichwa. Kunja viti uone sanduku litaingia wapi. Kisha jiulize nani atakaa hapo mnapokwenda kusini: ni bibi, au ni msichana wa kazi?

Nao wanaonunua magari kwa fedha za wananchi wafanye jaribio hilo hilo, ila wao wasilifanyie kwenye lami. Wakae benchi la nyuma kutoka Kilimarondo hadi hospitali ya Nachingwea, mwendo anaokwenda mama mjamzito aliyepewa rufaa. Wakishuka ndipo watie sahihi.