Shada Mlangoni, Nani Ameaga?

Nairobi, ukimwambia mtu unatengeneza shada la maua, swali la kwanza ni moja: nani ameaga? Hakuna anayewaza Krismasi. Kwetu shada ni kitu cha matanga. Linasafiri ndani ya buti ya gari, linavikwa plastiki, linawekwa juu ya udongo mbichi wakati mchungaji anaita majina: watoto wa marehemu, wajukuu, chama cha akina mama, wafanyakazi wenzake. Kisha jua linalimaliza.

Novemba iliyopita nilipita City Market kuulizia bei ya shada la duara. Muuzaji akaniuliza maziko ni lini. Simlaumu. Maua yanauzwa pale Muindi Mbingu Street kwa sababu kuu mbili, arusi na kifo, na mimi sikuwa na sura ya bwana arusi.

Nilipoacha chuo, darasa la historia liliniachia tabia moja tu: kuuliza kitu kimetoka wapi. Basi nikaanza kuuliza. Duara la majani ambalo kwenye sinema za Krismasi linaning'inia mlangoni, sisi tulilipeleka vipi makaburini?

Jibu moja liko Ngong Road. Hapo kuna makaburi ya vita ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1941, na ndani yake wamelala zaidi ya watu 1,900 wa majeshi ya Uingereza na makoloni yake. Kila Novemba mabalozi na wanajeshi wazee hukusanyika hapo, tarumbeta inalia, mashada yanawekwa. Hivyo ndivyo Waingereza walivyotuonyesha shada hadharani: kwa gwaride, kwa ukimya, kwa ajili ya wafu wenye majina. Mashada hayakugawanywa sawa, lakini. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa magonjwa na njaa wakibebea jeshi mizigo, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Walichopata ni sanamu ya Kenyatta Avenue ya mwaka 1928, na jina la mtaa, Kariokor, lililotokana na Carrier Corps. Ukitaka kuwawekea shada, utaliweka juu ya kaburi gani?

Uhuru ulipokuja serikali yetu ikairithi desturi hiyo bila kubadilisha kitu. Mzee Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978, na kwa miaka mingi siku hiyo ilipofika rais aliweka shada kwenye kaburi lake pale Bunge. Baada ya bomu la tarehe 7 Agosti 1998, lililoua zaidi ya watu 200 katikati ya jiji, bustani ya ukumbusho ikajengwa pale ubalozi wa Marekani ulipokuwa, na kila mwaka mashada yanarudi. Sisi tuliokua tukitazama taarifa ya habari saa moja jioni tulifunzwa hivyo: mtu mkubwa akiinama na shada, kuna mtu amekufa.

Shada la mlangoni lilipitia njia nyingine. Waroma wa kale walipamba nyumba kwa majani mabichi katikati ya baridi. Mwaka 1839 huko Hamburg, mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini, alichukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, ili watoto waliochoka kuuliza "Krismasi ni lini?" wahesabu siku wenyewe. Gurudumu kuukuu na mishumaa, basi. Uingereza nayo ikapenda mapambo ya Kijerumani, hasa baada ya gazeti moja la London kuchapisha mwaka 1848 picha ya Malkia Victoria na familia yake wakiuzunguka mti wa Krismasi. Kutoka huko desturi ikapanda meli. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, walowezi wakafuata, na mitaa ya magharibi mwa mji ikawa yao: bustani kubwa, ua la miti, na nyumba ndogo ya mtumishi kule nyuma. Mlango wa mbele ulikuwa wa mwenye nyumba. Mtumishi alipitia jikoni.

Na yale majani? Hapa ndipo hadithi inakuwa yetu. Mti ambao Mkenya anauita mti wa Krismasi ni saipresi, na saipresi si wa hapa. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Tulikuwa na wetu, mtarakwa, wenye mbao zinazonukia, lakini mtarakwa hukua polepole na wakoloni walikuwa na haraka ya mbao. Wakaleta saipresi, na ili wasilipe vibarua wengi, wakawapa familia zisizo na ardhi vipande vya msitu: lima mahindi na viazi kati ya miche, palilia miche yetu, miti ikikuweka kivulini, hama uende kipande kingine. Mpango huo uliitwa kwa neno letu wenyewe, shamba. Kwa hiyo ukiona saipresi zimesimama kwa mstari kule milimani, kumbuka kuna mtu alizipalilia akijua ardhi haitakuwa yake.

Kutoka msituni saipresi ikaingia kila mahali. Lavington na Kileleshwa ikawa ua. Ushago ikawa Krismasi. Tawi moja ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliojazwa mchanga, pamba ikinyofolewa nyofunyofu kuwa theluji ambayo hakuna aliyewahi kuiona, baluni mbili, kadi zimening'inizwa kwa uzi. Hakuna aliyenunua tawi. Mwaka 1990 vidukari vya saipresi viligunduliwa Kenya, ua nyingi zikageuka kahawia, zingine hadi leo zina vipara. Lakini mti haukuisha. Desemba ikifika utaona miche yake imepangwa kando ya barabara, inangoja wenye magari.

Mimi sina gari, na mwaka jana sikuwa na nauli ya Krismasi pia. Nauli ya Kakamega hupanda Desemba kama vile Kakamega imesogea. Tulikuwa tumemzika kukhu Agosti, na hiyo ilikuwa Krismasi ya kwanza bila yeye. Nikaamua keja yangu ya Kangemi itakuwa na kitu mlangoni.

Matawi niliyapata bure. Fundi wa bustani mmoja upande wa Lavington alikuwa akipunguza ua, taka imerundikwa nje ya geti. Nikamwomba, akacheka, akanijazia gunia. Waya wa kufungia vyuma niliununua hardware kwa shilingi 50. Kunja duara la ukubwa wa kifuniko cha sufuria, lizungushe mara tatu lisilegee. Kata vijitawi vya urefu wa kiganja, shika vitatu pamoja, funga shina kwenye duara, kisha fungu linalofuata lifunike shina la lililotangulia. Usibadilishe upande hadi urudi ulikoanzia. Yale matunda magumu ya duara yaache, ndiyo urembo wenyewe.

Nilikuwa nimelitundika tu kwenye mlango wa chuma jirani yangu Mama Brian alipopanda ngazi na ndoo ya maji. Akaitua.

"Pole sana, jamani. Ni nani tena?"

Nikamwambia ni la Krismasi. Akalitazama.

"Hata kukhu wako halimhusu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikasema labda linamhusu kidogo.

"Sawa. Lakini weka kitu chekundu, watu wasianze kukuchangia."

Akaniletea kipande cha leso nyekundu iliyochanika, nikafunga fundo chini. Huo ndio ushauri bora nilioupata, na sijauona katika maelezo yoyote ya Kizungu: mji huu, zambarau na nyeupe ni za matanga, kwa hiyo shada la furaha lazima lijitambulishe. Jumla ilikuwa shilingi 50.

Saipresi iliyokatwa hukaa kijani kama wiki mbili. Ikifika Januari majani yanapukutika ukifungua mlango. Yanyofoe, yawekee jiko, yanawaka haraka na moshi wake unanukia vizuri. Waya usitupe. Ule wangu uko juu ya kabati, na ile leso.