Hilux ya zamani inakata ku mlima: mbele ya kununua karburateri ingine

Mbele ya garaji motere inazunguka bila shida. Fundi anakanyaga akselerateri mara tatu, anasema iko sawa, shofa analipa. Kesho yake, na magunia ya mihogo nyuma, Hilux ileile inatoka Kamanyola kupanda Ngomo, na inaanza kukohoa: inavuta, inakata, inavuta tena. Bonde liko upande mmoja, malori yako nyuma.

Kosa ni kuipima ikiwa imesimama. Kwenye relanti hewa kidogo tu inaingia ndani ya silinda, presio iko chini, na cheche ya bugi inaruka kwa urahisi. Shofa akikanyaga mpaka chini, silinda inajaa na presio inapanda. Pale ambapo volti kama elfu 10 zilitosha, sasa inaomba elfu 20 hivi. Waya ukiwa na ufa mdogo, umeme unatafuta njia rahisi, unakimbilia kwenye chuma, na esansi inatoka bila kuwaka.

Kwa hiyo fundi apande ndani ya gari. Kwenye mlima mdogo, bila watu nyuma, aweke vitesi ya nne kwa kilometa 40 kwa saa, kisha akanyage. Kama inakata palepale kwa kurukaruka, na kwenye vitesi ya tatu inapata nafuu, ashuku umeme. Kama inavuta vizuri kwanza, halafu inaishiwa nguvu polepole, na inazidi motere ikizunguka kwa kasi, ashuku esansi haifiki ya kutosha. Kipimo hiki hakikosi kudanganya mara moja moja, lakini ni bora kuliko kubahatisha na pesa ya mwenye gari.

Umeme ndio wa kuanza nao, kwa sababu ndio bei rahisi. Kwenye motere ya 22R, ile ya lita 2.4 yenye karburateri, nafasi ya bugi ni milimeta 0.8. Bugi iliyochoka inafunguka zaidi, na kila sehemu ya milimeta inaomba volti zingine. Rangi yake pia inasema: kahawia ni nzuri, nyeusi kama masizi ni esansi nyingi ao cheche zaifu, nyeupe sana ni esansi kidogo, yenye kulowa mafuta ya motere, hiyo ni shida ingine, na bugi mpya haitaiponya.

Usiku, gari likiwa nje, mtu afungue kapo motere ikiwaka na anyunyizie maji kidogo sana kwenye nyaya za bugi. Cheche za buluu zikionekana zinatembea juu ya waya, kazi imekwisha: waya huo unabadilishwa. Mikono ikae mbali, umeme huo unapiga vibaya. Kifuniko cha deliko nacho kifunguliwe, motere ikiwa imezimwa. Ndani, mstari mweusi mwembamba kama wa kalamu ni njia ambayo umeme umejichomea. Nyaya ziwekewe alama mbele ya kutolewa; mpangilio ni 1-3-4-2, na wengi wameongeza shida ya pili hapo.

Umeme ukiwa sawa, kuna esansi. Ile ya kwa kadhafi pengine iko na maji ao takataka, na filtri ndiyo inapokea yote. Kwenye relanti esansi kidogo inapita na inatosha; kwenye mlima haitoshi. Shofa akivuta starteri kidogo wakati gari inakata na ikapata nguvu, basi esansi ni pungufu. Kifuniko cha rezervwari kisichopitisha hewa kinaleta dalili ileile: kikifunguliwa na hewa ikavutwa ndani kwa sauti, jibu ni hilo.

Presio ya silinda inapimwa kama hayo yote hayakusaidia. Supapu ya kutolea moshi iliyokazwa sana haifungi vizuri na inaungua. Nafasi yake ni milimeta 0.30 motere ikiwa moto, na ya kuingizia 0.20.

Karburateri inafunguliwa mwisho. Jikleri zake zinapulizwa kwa hewa, hazichokorwi na waya: tundu likipanuka, gari itakunywa esansi kila siku.