Vita Vilivyosita Bila Kwisha

Kila mwaka, ninapoanza kufundisha historia ya karne ya 20, huwauliza wanafunzi wangu swali moja: Vita vya Korea vilikwisha lini? Wengi hujibu upesi: mwaka 1953. Jibu hilo limezoeleka, lakini halijakamilika. Tarehe 27 Julai 1953, huko Panmunjom, mkataba wa kusitisha mapigano ulitiwa saini. Mkataba wa amani haujatiwa saini hadi leo.

Wapo wanaoiona tofauti hiyo kuwa ya kisheria tu. Mimi naamini ndiyo iliyotawala maisha ya Wakorea kwa zaidi ya miaka 70.

Mazungumzo yalianza Julai 1951. Kwa miaka 2 majeshi yaliendelea kuuana kwenye vilima vile vile, huku wajumbe wakibishana hasa juu ya wafungwa wa vita: je, asiyetaka kurudi kwao alazimishwe? Hatimaye walitia saini Kamandi ya Umoja wa Mataifa, Korea Kaskazini na jeshi la kujitolea la China. Rais Syngman Rhee wa Korea Kusini alikataa. Mkataba wenyewe ulijitambua kuwa wa muda, ukapendekeza mkutano wa kisiasa ndani ya miezi 3. Mkutano huo ulifanyika Geneva mwaka 1954, na kuhusu Korea wajumbe walitawanyika bila kuafikiana.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa Korea ni ukanda wenye upana wa kilomita 4 na urefu wa kilomita 250 hivi. Huitwa ukanda usio na majeshi, ingawa kingo zake zote mbili zimejaa askari.

Lakini ukuta mkubwa zaidi umejengwa ndani ya siasa. Kaskazini, adui wa nje amekuwa hoja ya kudumu ya ukoo mmoja kushika madaraka kwa vizazi vitatu na kuunda silaha za nyuklia. Kusini, Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1948 ilitumiwa kuwafunga wapinzani na wanafunzi. Mei 1980, wananchi wa Gwangju walipodai demokrasia, jeshi liliwaua, na watawala wakadai kwamba ni uchochezi wa wakomunisti. Kusini imejipatia demokrasia tangu mwaka 1987, lakini sheria ile ingali hai. Tarehe 3 Desemba 2024 Rais Yoon Suk Yeol alitangaza sheria ya kijeshi akitaja tishio la wakomunisti wa Kaskazini. Bunge lilimpinga kwa kura ndani ya saa chache. Hoja ya mwaka 1980 ilikuwa imefufuliwa, kwa kuwa vita vilivyoizaa havijazikwa.

Na kuna familia. Mwaka 1983 televisheni ya taifa ya Kusini, KBS, ilirusha kipindi cha kuwatafuta ndugu waliopotezana vitani. Kiliendelea kwa siku 138, na zaidi ya familia 10,000 zikakutana. Wengi wao walikuwa wameishi katika nchi moja kwa miaka 30 bila kujuana. Waliotenganishwa na mpaka walianza kukutanishwa kwa utaratibu mwaka 2000: wazee wachache waliochaguliwa, saa chache za machozi, kisha kila mmoja kurudi kwake pasipo ruhusa ya barua wala simu. Mkutano wa mwisho wa aina hiyo ulikuwa Agosti 2018. Waliobaki wanafariki wakisubiri.

Nawaambia hasa wanafunzi wangu watakaoingia katika utumishi wa umma: jambo la muda lisilo na tarehe ya mwisho wala wa kuliwajibikia hugeuka kuwa la kudumu. Kila tunaposikia kwamba mapigano yamesitishwa, iwe mashariki ya Kongo au Sudan, tushukuru kwa maisha yaliyookolewa. Kisha tuulize swali ambalo Geneva ililiacha bila jibu: amani yenyewe itajadiliwa lini, na nani atawajibika isipopatikana?