Msumeno wa nakshi: namna ya kuanza kukata michoro ya mbao nyumbani

Kwenye karakana za useremala, vipande vya mbao visivyotosha mlango wala kitanda huishia jikoni kama kuni. Lakini kipande cha upana wa kiganja kinatosha kukata jina la mtoto, umbo la ndege, ramani ya Afrika au fremu ya picha. Kazi hii watu wengi duniani huifanya jioni au siku ya mapumziko, kwa kujifurahisha tu. Makala haya yanaeleza kazi yenyewe, vifaa vyake, na namna ambavyo mtu wa Msasani hapa Tukuyu, au wa kijiji chochote cha Rungwe, anaweza kuijaribu kabla ya kutoa fedha nyingi.

Msumeno wa nakshi ni nini?

Msumeno wa kawaida wa seremala ni mpana, hivyo hukata mstari ulionyooka. Ukijaribu kuukunja unakwama. Msumeno tunaouita hapa wa nakshi una bledi nyembamba sana, upana wake mara nyingi haufiki milimita 3. Kwa sababu ya wembamba huo unaweza kugeuka ndani ya mbao na kufuata mstari wa mviringo.

Upo wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mkono: fremu ya chuma yenye umbo la U, mpini upande mmoja, na bledi iliyokazwa kati ya ncha mbili. Unafanana na msumeno wa kukatia chuma, ila fremu yake ina kina kirefu zaidi na bledi ni nyembamba kama kijiti. Masonara hutumia msumeno wa jamaa hiyo kukatia fedha na dhahabu.

Wa pili ni mashine. Bledi imekazwa wima kati ya mikono miwili, juu na chini, na mota inaipandisha na kuishusha haraka. Mbao inalazwa juu ya meza ya mashine, na wewe unaizungusha kwa mikono. Wazo ni lile la cherehani: sindano inabaki mahali pake, kitambaa ndicho kinachogeuzwa. Kabla umeme haujaenea, mashine hizi ziliendeshwa kwa miguu kama cherehani. Huko Uingereza kazi hii ilipendwa kiasi kwamba mwaka 1895 lilianzishwa jarida la Hobbies, lililowapa wasomaji michoro ya kukata nyumbani.

Kuchonga na kutoboa ni kazi mbili

Wengi wakisikia nakshi za mbao hukumbuka milango ya Zanzibar na Lamu. Ile imechongwa: fundi alitumia patasi na nyundo, akapunguza mbao kutoka juu bila kuitoboa hadi upande wa pili. Kazi ya msumeno wa nakshi ni tofauti. Hapa mbao inakatwa ikapita, na mchoro unaonekana kwa sababu ya matundu.

Mfano mzuri wa mbao za kutobolewa uko Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenye jengo la Dispensari ya Zamani linalotazama bandari. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa fedha za tajiri mwenye asili ya Kihindi, Tharia Topan, na jengo likakamilika mwaka 1894. Roshani zake zimepambwa kwa mbao zilizotobolewa hata zikafanana na kitambaa cha lesi. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Zitazame mbao za aina hiyo, hata kwa picha, utaona kanuni moja: kila ua na kila jani limeshikana na jingine. Kipande kisichoshikwa na chochote kingeanguka sakafuni. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kuchora kwa ajili ya msumeno huu.

Anza na msumeno wa mkono

Mashine inaendesha bledi tu. Kufuata mstari ni kazi ya mikono na macho, na ustadi huo unaweza kuupata kwa msumeno wa mkono ambao bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya mashine. Ukikata kwa mwezi mmoja au miwili na bado unaipenda kazi, hapo ndipo ufikirie mashine. Ukiichoka, hasara yake ni ndogo.

Kwanza tengeneza ubao wa kukatia. Chukua kipande cha mbao chenye urefu wa mkono hivi, kata mwanya wa umbo la V kwenye ncha moja, kisha kibane kwenye ukingo wa meza ili ncha hiyo itokeze nje. Kazi yako utailaza juu ya mwanya huo, na bledi itapita katikati yake. Mwanya unazuia mbao nyembamba isitetemeke wala kupasuka.

Funga bledi meno yakiangalia chini, upande wa mpini, na mpini uwe chini ya ubao. Kwa namna hiyo msumeno unakata unapouvuta chini, na mbao inakandamizwa kwenye ubao badala ya kurukaruka. Bledi ikazwe hadi ikiguswa kwa kidole itoe mlio kama uzi wa gitaa. Ikilegea, itakata upande na mwishowe itakatika.

Kaa wima, shikilia msumeno ukiwa wima, na usiusukume mbele kwa nguvu. Ukifika kwenye kona, endelea kupandisha na kushusha msumeno papo hapo huku ukizungusha mbao taratibu. Anayegeuza mbao msumeno ukiwa umesimama huvunja bledi. Hata hivyo usikate tamaa, kwani kwa anayejifunza bledi kukatika ni jambo la kawaida.

Namna ya kukata tundu la ndani

Tuchukue herufi A. Ina umbo la nje, na ina dirisha dogo la pembetatu katikati. Utalifikiaje dirisha hilo bila kukata mguu wa herufi?

1. Chora herufi kwenye karatasi, ibandike juu ya mbao kwa gundi nyepesi, au ihamishe kwa karatasi ya kaboni.
2. Toboa tundu dogo kwa drili au keekee ndani ya pembetatu, kwenye sehemu itakayotupwa.
3. Fungua bledi upande mmoja, ipitishe kwenye tundu, kisha ifunge na kuikaza tena.
4. Kata kuelekea mstari, uzunguke pembetatu yote hadi kipande kidondoke.
5. Fungua bledi, itoe, halafu ukate umbo la nje.

Matundu ya ndani hukatwa kwanza, umbo la nje mwisho. Ukianza na nje, utabaki na kipande chembamba kisichoshikika vizuri wakati wa kukata ndani.

Mbao ipi inafaa?

Kwa kuanzia, plaiwudi ya milimita 3 hadi 6 ni nzuri. Tabaka zake zimepishanishwa, kwa hiyo hata sehemu nyembamba haivunjiki upesi. Mbao halisi ina nyuzi zinazoelekea upande mmoja. Shingo ya ndege au mguu wa twiga ukikatisha nyuzi hizo utavunjika kama biskuti. Kabla ya kuchora, tazama nyuzi zinaelekea wapi, kisha uweke sehemu nyembamba zifuate mwelekeo huo.

Msindano, yaani paini, na saiprasi hukatika kwa urahisi, ila mafundo yake hupeleka bledi pembeni. Mninga ni mgumu zaidi lakini hutoa kingo safi na rangi ya kupendeza.

Kwetu Rungwe tatizo kubwa ni maji. Mvua za Tukuyu ni nyingi, hivyo mbao iliyopasuliwa juzi bado ina unyevu, na kazi nzuri iliyokatwa humo itapinda au kupasuka ikishakauka ukutani. Panga vipande ndani ya banda penye upepo, uweke vijiti kati ya kimoja na kingine, visiguse ardhi. Kujua kama vimekauka, pima kipande kimoja kwenye mizani ya dukani kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, mbao iko tayari.

Na mbao itoke mahali halali. Misitu ya asili ya Mlima Rungwe ni hifadhi, na haikatwi. Omba au nunua mabaki kwa seremala anayenunua mbao zenye vibali. Hobi hii haihitaji kuangusha mti.

Ukitaka kununua mashine

Mashine nyingi za nyumbani zina kina cha inchi 16 hivi, yaani umbali kati ya bledi na nguzo ya nyuma. Kina hicho ndicho kinachoamua ukubwa wa kazi unayoweza kuizungusha mezani. Kabla ya kulipa, angalia mambo haya:

Umeme wake. Tanzania tunatumia volti 230. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ya volti 120, itaungua ukiichomeka moja kwa moja.

Bledi zake. Zipo zenye kipini kidogo kila ncha, na zipo zisizo na kipini, ambazo kwa kawaida zina urefu wa inchi 5. Zenye vipini hufungwa kwa urahisi, lakini huhitaji tundu kubwa. Zisizo na vipini hupita kwenye tundu dogo, kwa hiyo hufaa kwa nakshi ndogondogo. Uliza kwanza bledi za akiba utazipata wapi. Mashine isiyo na bledi ni meza tu.

Mtetemo. Iwashwe ukiwepo. Ikitetemeka sana mezani, mstari wako hautanyooka.

Kwa wanaotumia sola, kumbuka kuwa mota huvuta umeme mwingi zaidi inapowaka. Inveta inayolingana kabisa na wati za mashine haitoshi.

Katika kuchagua bledi, angalau meno matatu yawe ndani ya unene wa mbao kwa wakati mmoja. Mbao nyembamba inataka meno madogo yaliyosongamana, na mbao nene inataka meno makubwa. Mbao ikianza kuungua, bandika tepu ya kufungia maboksi juu ya mchoro kabla ya kukata. Husaidia bledi kuteleza.

Vumbi na vidole

Msumeno huu hauogopeshi kama ule wa duara, na ndiyo maana watu hujisahau. Vidole visikae mbele ya bledi kwenye mstari wa kukata, bali pembeni. Vaa miwani, maana bledi ikikatika kipande kinaweza kuruka.

Hatari isiyoonekana ni vumbi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mninga na la mvule pia huwasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu. Fanyia kazi barazani au penye upepo, vaa barakoa, na usikate wala kupiga msasa chumbani wanakolala watoto.

Kumalizia kazi

Kabla ya karatasi za msasa kufika, mafundi wa pwani walisugua mbao kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, ambayo yana ukakasi. Leo anza na karatasi yenye chembe kubwa kidogo, umalizie na laini, ukifuata nyuzi za mbao. Kisha paka vanishi au mafuta, pande zote mbili, ili unyevu usiingie upande mmoja na kuipinda kazi.

Je, inaweza kuleta fedha?

Inaweza, lakini usianze kwa hesabu hiyo. Kibao cha jina kinachoonekana chepesi huweza kula jioni mbili za anayejifunza. Andika saa unazotumia kwa kila kazi, bledi zilizokatika na gharama ya mbao, ndipo utajua bei ya kuuza. Kinachoweza kukutofautisha na vitu vya dukani ni michoro ya kwetu: jani la mgomba, Daraja la Mungu, kilele cha Rungwe, chai na parachichi. Anayetaka kuingia zaidi kwenye ufundi anaweza kuulizia mafunzo ya useremala kwenye vyuo vya VETA.

Kwa wiki ya kwanza inatosha kuwa na msumeno wa mkono, bledi chache za akiba, ubao wenye mwanya wa V na kipande cha plaiwudi. Chora mstari uliopinda, ukate, kisha utazame mahali ulipouacha mstari. Rudia hadi msumeno ubaki juu yake.