Hakukojolewa na Buibui

Jumanne ya kwanza ya KCPE 2019, mdogo wangu aliamka na jicho la kushoto limefungana kama la mtu aliyepigwa ngumi. Kutoka shingoni hadi kwa shavu kulikuwa na mstari mwekundu wenye malengelenge madogo, umenyooka, kama mtu amemchora na kijiti cha moto. Jumapili usiku alikuwa amekesha akisoma chini ya balbu. Jumatatu jioni akasema shingo inamchoma. Jumanne ndiyo hiyo, na paper ya kwanza ilikuwa Hesabu.

Tulimuuliza ni nini kilimuuma. Akasema hakuna. Alisikia tu kitu kikitembea kwa shingo Jumapili, akakipangusa, akafikicha jicho kwa usingizi, akaendelea na ratio and proportion.

Sasa hapo kwetu Birongo, kila mtu akawa daktari. Jirani akasema mtoto amekojolewa na buibui, na akasema kwa uhakika wa mtu aliyemwona huyo buibui akifungua zipu. Mama akaleta dawa ya meno akampaka. Magokoro akataka maji ya chumvi. Mwenye duka la dawa moja hapo barabarani aliangalia kwa sekunde mbili hivi, akafunga tembe za rangi mbili kwa karatasi, akasema “spider bite”, shilingi mia mbili. Halafu kuna shangazi mmoja alinivuta kando ya jikoni akaniuliza pole pole kama kuna mtu hapa kijijini hangependa huyu mtoto apite mtihani.

Hilo swali la shangazi ndilo lilinifanya niandike hii kitu, hata kama imenichukua miaka. Ukitoka Kisii unajua swali kama hilo linaweza kuishia wapi. Oktoba 2021, Marani, nyanya wanne waliuawa na kuchomwa kwa kushukiwa uchawi. Hiyo kesi haikuwa na uhusiano wowote na mdudu. Lakini ilikuwa na uhusiano na kitu ambacho kilikuwa jikoni kwetu asubuhi ile: mtoto ana shida isiyoeleweka, na watu wazima wanatafuta jina la kuibandika.

Jina lenyewe lilikuwepo. Lilikuwa limeandikwa kabla magokoro hajazaliwa.

Tunamwita Nairobi fly. Jina lote ni uongo. Si nzi, ni mbawakawa, ukoo unaoitwa Paederus. Na hakai Nairobi pekee, yuko karibu kila mahali penye joto na unyevu duniani. Ni kadogo, hakazidi sentimita moja: kichwa cheusi, kifua chekundu cha machungwa, katikati kuna vibawa vifupi vinavyong'aa bluu au kijani ya giza, halafu tumbo jekundu tena na ncha nyeusi. Ukimwona anakimbia anainua mkia juu kama siafu mwenye hasira. Na hapa ndipo watu hubishana na mimi: haumi. Hana mwiba, na meno yake hayana shughuli na ngozi yako. Sumu iko ndani ya damu yake. Mpaka umponde, hakuna kitu kitakupata.

Jina la Nairobi lilitoka enzi za mkoloni. Reli ilifika pale mwaka wa 1899, mji ukajengwa kando ya mto na vinamasi, na Waingereza waliokuwa wakiamka na macho yamevimba wakauita huo ugonjwa “Nairobi eye”. Kufikia 1935, watafiti wawili, Roberts na Tonking, walikuwa wamechapisha ripoti kuhusu mbawakawa huyu wa Afrika Mashariki anayetoa watu malengelenge, kwenye jarida la tiba lililotoka Liverpool. Hebu piga hesabu. Kutoka 1935 hadi lile duka la dawa la barabarani ni miaka 84. Ujuzi ulitoka hapa kwetu kwa ngozi zetu, ukapanda meli, ukakaa kwa maktaba Uingereza, na haukuwahi kurudi Birongo.

Na hata hao hawakuwa wa kwanza. Mwaka wa 739, mganga wa China anayeitwa Chen Cangqi aliandika kuhusu mdudu mwenye sumu kali ya kuchubua ngozi, na maelezo yake yanafanana sana na huyu wetu. Watu wa China walikuwa wanajua hii stori kabla kuwe na mji unaoitwa London wa kujivunia chochote. (Sawa, London ilikuwepo. Lakini unanielewa.)

Sumu yenyewe ilipewa jina miaka ya 1950 na Waitaliano, Pavan na wenzake. Waliiita pederini. Inafanya kazi kwa kuzuia seli za ngozi zisitengeneze protini, yaani seli zinafungiwa kiwanda na kufa pole pole. Ndiyo maana huskii kitu usiku ule. Moto unaanza baada ya saa 12, 24, hata zaidi, na kufikia hapo ushamsahau mdudu, ukimwona buibui kwa dari unamlaumu yeye. Halafu mwaka wa 2002 mtafiti Mjerumani, Jörn Piel, akaonyesha kwamba hata mbawakawa mwenyewe si mpishi wa hiyo sumu. Jeni za kuitengeneza ni za bakteria wanaoishi ndani ya mdudu wa kike, na mama anawapitishia watoto wake kupitia mayai. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na niliposoma hiyo kitu kwa simu usiku mmoja nilikasirika kidogo kwamba hakuna mwalimu aliwahi kuniambia biolojia ina mambo kama haya.

Lakini swali lililonisumbua zaidi lilikuwa la magokoro. Alisema yeye ameishi hapa maisha yake yote, amelima, ameteka maji mtoni, na hicho kidonda hakikuwa kitu cha kila mwaka zamani. Kwa hivyo aidha ni cha kisasa, au kuna mtu amekituma.

Jibu nililopata ni stima. Paederus anapenda udongo wenye maji: kando ya mito, mashamba ya mboga, vinamasi vya chini huko bondeni. Amekuwa huko wakati wote. Mchana anakula vidukari na wadudu wengine wadogo wanaomaliza mazao, kwa hivyo kwa mkulima ni rafiki. Kitu kimoja tu kinamleta nyumbani usiku, na ni mwangaza. Sisi tulikuwa watu wa koroboi. Koroboi haimvutii mdudu kutoka mbali. Halafu 2015 serikali ikazindua Last Mile, nguzo zikaanza kuingia vijijini, na nyumba ambazo hazikuwahi kuwa na balbu zikapata balbu nyeupe ndani na nyingine nje ya mlango. Sokoni zikapanda mulika mwizi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, mdogo wangu asingesoma mpaka saa sita usiku bila hiyo balbu. Lakini tuliwasha taa katikati ya makao ya huyu mdudu, na mvua ikija anatoka huko chini anakuja kuona ni nini.

Mvua ndiyo nusu ya pili. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mlipuko mkubwa Kenya. Kumekuwa na mingine 2007, tena 2018, 2019 na 2020. Ile Oktoba ya mtihani, kama unakumbuka, mvua haikuwa ya kawaida, ilinyesha mpaka Desemba ikapitiliza. Mwaka wa 2022 wanafunzi zaidi ya mia moja wa chuo kimoja Sikkim, India, walipata vidonda, na vyombo vya habari vya huko vikaandika “Nairobi fly” kana kwamba tuliwatumia kwa kifurushi. Sasa wao wana jina na kila kitu, na sisi wenye jina tunasema buibui.

Kuhusu buibui, wacha nimtetee kidogo. Buibui hakojolei watu. Wengi wa wale tunaoishi nao hata meno yao hayawezi kutoboa ngozi yako vizuri. Akikuuma kweli, mara nyingi unasikia pale pale, na inakuwa pahali pamoja, si mstari. Mstari ni alama ya kitu kilichopondwa na kuburutwa. Ukikuta kidonda mahali mikunjo ya ngozi inagusana, kama ndani ya kiwiko, na kingine kama picha yake upande wa pili, hiyo ni Nairobi fly karibu kabisa. Kunguni wanaacha vipele vitatu vinne vimepangana na vinawasha tangu asubuhi. Kupe anaweza kuacha kigaga cheusi, na kama siku chache baadaye unapata homa na kichwa kinauma, enda hospitali umwambie daktari ulikuwa na ng'ombe au ulipita kwa nyasi ndefu. Nyuki unamjua. Toa mwiba haraka, na mtu akianza kuvimba midomo au kupumua kwa shida usimtafutie limau, hiyo ni dharura ya dakika, tafuta gari.

Kwa mdogo wangu, kitu ambacho kingesaidia ni sabuni na maji Jumapili usiku. Basi. Ukishamponda, osha hapo na mikono mara moja, kabla hujagusa uso, na hiyo nguo au foronya ifuliwe. Watu husema malengelenge yakipasuka maji yake yanasambaza. Sumu ndiyo inasambaa, kwa vidole, ile saa ya kwanza. Kikishatokea, kitambaa cha maji baridi kinatuliza, daktari anaweza kukupa krimu ya haidrokotisoni na dawa ya kupunguza mwasho. Antibayotiki ni za kama kidonda kimeingia uchafu na kutoa usaha. Hazitoi pederini, kwa hivyo zile tembe za mia mbili zilikuwa pesa ya kuchezea tu. Dawa ya meno inachoma ngozi iliyokwisha kuchomwa. Na jicho si la kujaribiwa nyumbani, hata na krimu nzuri. Lioshe kwa maji mengi safi na uende kwa kliniki ya macho. Kwa kawaida ngozi inapona kwa wiki moja hadi tatu na kuacha doa jeusi ambalo linakaa kitambo.

Kuna mdudu mwingine kwa hii stori, na magokoro ndiye alinikumbusha. Nilikuwa namwelezea hizi zote, akasikiza, kisha akasema: na mbu? Akanyamaza. Milima ya Gusii zamani haikuwa nchi ya malaria ya kila siku, kuna baridi, na kwa sababu hiyo miili ya watu huku haikuwa imezoea. Mwisho wa miaka ya 1980 ikaanza kuja kwa mawimbi, miaka ya 1990 ikawa mbaya, na 2002 ikarudi tena kati ya Juni na Julai. Magokoro anasema kulikuwa na watu watatu kwa kitanda kimoja, na wengine sakafuni. Kutoka boma la pili tu walizika wawili wiki moja. Na kuumwa kwenyewe kulikuwa nini? Kipele. Kitu unakikuna na kukisahau. Ronald Ross alikuwa amemkuta mbu na vimelea vya malaria tumboni tangu Agosti 1897, huko India, na kabla ya hapo Ulaya nzima ilikuwa ikilaumu hewa mbaya, hata jina malaria ni la hewa mbaya. Hata wao walikuwa na buibui wao.

Aliniambia pia kwamba 2002 kulikuwa na maneno. Kwamba mtoto wa fulani amekufa na wa fulani hajafa, kwa nini. Nilimuuliza ni nani aliyetajwa. Akakataa kuniambia, akasema huyo mama bado tunakutana naye kanisani Sabato.

Mdogo wangu alifanya Hesabu na jicho moja. Msimamizi alimruhusu akae karibu na dirisha. Alama alizopata amenikataza nizitaje hapa, ila alipita, akaenda sekondari, na leo ana alama nyeusi nyembamba shingoni ambayo anaificha na kola. Tulibadilisha balbu ya nje, tukaweka ya rangi ya manjano, na msimu wa mvua tunaizima mapema. Anasoma ndani ya neti.

Mwezi jana mmoja aliingia, akawa anakimbia juu ya ukuta karibu na kalenda, mkia juu. Magokoro alikuwa ashavua kiatu. Nikamshika mkono, nikachukua risiti ya M-Pesa, nikamwacha apande mwenyewe, nikampeleka hadi kwa sukuma wiki. Aliniuliza mbona nisimuue. Nikamwambia huyo anakula wale wanaokula mboga zake. Akaniangalia vile anavyoniangaliaga tangu niache chuo, akavaa kiatu chake, akarudi kwa redio.